Jina Lililomtuliza Kasuku

Kasuku alipiga kelele mpaka jina la tano, kisha akanyamaza ghafla kama redio iliyochomolewa kwenye umeme.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uani kwao Makoko, mjini Musoma. Eunice alikuwa amepanga kila kitu juu ya kigoda: taulo, kikata kucha, tochi ndogo, na kisahani cha unga wa muhogo wa kuzuia damu endapo angegusa mshipa. Alikuwa mtu wa maabara, hakupenda kubahatisha. Kucha za yule ndege zilikuwa zimejipinda mpaka zinanasa kwenye nyaya za tundu, na wiki iliyopita alining'inia kwa mguu mmoja akipiga mabawa hadi damu ikatoka. Tatizo lilikuwa woga wake. Tangu Lameck, mume wa Eunice, aachiwe ndege huyo na bosi wake aliyehamishwa, mwaka wa pili sasa, hakuna mkono uliowahi kumgusa asilie kama anayechinjwa.

"Mama, shika kichwa tu. Usimbane kifua, atakosa pumzi," Eunice alimwambia mama mkwe wake, Marieta.

"Nimeshika ng'ombe, nitashindwa na kuku wa mjini?" Marieta akacheka. "Sikia anavyolia! Huyu anataka jina. Ngoja nimuitie."

Kwao, mtoto mchanga akilia bila kukoma, bibi hukaa naye na kumtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja. Analolinyamazia ndilo lake, na mwenye jina amerudi nyumbani. Gody, mtoto wa Eunice wa miezi miwili aliyekuwa amelala ndani, alikuwa na jina la ubatizo tu. Hakuwa amelia kiasi cha kuitiwa, ila wote walijua bibi yake anamtunzia jina gani.

"Wewe Magige? Hataki. Wewe Kwangu? Wewe Mugeta? Wewe Makongoro? Jamani, anachagua kama binti wa chuo!" Eunice naye akacheka. Na Marieta, ulimi ukiwa umeshanogewa, akasema, "Wewe Masatu?"

Hapo ndipo kasuku aliponyamaza.

Masatu alikuwa kifungua mimba wa Marieta. Alizama miaka saba iliyopita akitoka kisiwa cha Rukuba na magunia ya dagaa. Mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana.

Ndege akautoa mguu nje ya taulo, akaunyoosha, akatanua vidole. Eunice alikata kucha nane, nne kila mguu, ncha tu, bila tone la damu. Alipokunja gazeti alilokuwa ametandika chini ili akatupe vipande, alivihesabu kwa mazoea ya kazini. Vilikuwa tisa. Cha tisa kilikuwa kipana, bapa, cheupe kama kitu kilicholala majini muda mrefu. Ulikuwa ukucha wa dole gumba la mtu.

Kufikia Jumatatu, sebule alimokaa kasuku ilinuka nyavu mbichi. Eunice alideki mara mbili kwa dawa, na harufu ikarudi kabla sakafu haijakauka. Kisha kikaja kikohozi, cha mtu aliyepaliwa na maji, kikitoka kwenye tundu mchana kweupe. Na Jumanne, kasuku ambaye hakuwahi kusema hata neno moja alisema kwa sauti ya kiume, taratibu, "Mama, baridi."

Marieta alihamishia mkeka wake kando ya tundu. Akawa anamlisha dagaa kwa vidole na kumfunika kwa kanga.

"Mama anakuwaga hivi akimkumbuka kaka," Lameck alimnong'oneza mkewe. "Muache, itampita."

"Na mwanao je? Umemsikia akilia wiki hii?"

Lameck akafikiri, akatikisa kichwa. Gody hakulia tena. Hakulia kwa njaa wala kwa kulowa. Siku ya chanjo sindano iliingia pajani naye akaitazama tu. "Una mtoto jasiri, mama Gody," nesi akasema, na Eunice akatamani kumzaba kofi. Kadi ilionyesha kilo tano na gramu mia moja. Wiki iliyofuata ilikuwa nne na gramu mia sita.

Ndipo Lameck alipomleta mzee Baltazari, mganga kutoka Butiama. Mzee alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kiti. Eunice alimsimulia yote, mpaka ukucha.

"Mlimuitia mnyama jina la mtu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa utani, baba."

"Aliyemo humo si Masatu. Hili ni jini la ziwani. Lilisikia jina linatolewa bila mtoto, likalidaka na kulivaa. Sasa linamkausha mtoto ambaye jina lilikuwa lake, ili limuingie. Ndege akifa kabla halijafukuzwa, litamfuata mtoto popote, na mlango wake ni jina hilo. Lisitajwe juu ya mtoto, hata kwa bahati mbaya."

"Linafukuzwaje?"

"Aliyeita ndiye anayefuta. Mama huyu amtazame ndege machoni aseme, wewe si mwanangu, sikukuita. Mara moja tu inatosha."

Marieta aliinuka. Alimpenda mjukuu wake, alikuwa akimwita mume wangu na kumbeba hadi kanisani akijitapa, na alipolisogelea tundu kila mmoja aliona kwamba amekusudia kulisema, midomo ilikuwa tayari, lakini harufu ya ziwa ikapanda mpaka macho yakawawasha, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye manyoya makavu ya yule ndege, tone baada ya tone juu ya gazeti, na ile sauti ikasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayezungumza huku maji yamemfika kidevuni, "Mama, niliita sana siku ile. Hukusikia?"

Marieta akapiga magoti. "Nimesikia, mwanangu," akasema. "Nimesikia Masatu wangu, niko hapa."

Baltazari akavaa kofia yake. "Mwondoeni mtoto," akamwambia Eunice, na hakuaga.

Jioni hiyo hiyo Eunice alikuwa Bunda, kwa mama yake, Anastazia, mtaa wa Kabasa. Kwa siku tatu alimnyonyesha Gody kila saa mbili na kuandika dakika. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, Lameck alipiga simu.

"Ndege amekufa," alisema. "Tundu limejaa maji. Mama ameketi tu."

Kabla Eunice hajajibu, Gody akalia.

Alilia kwa nguvu, na Eunice akamkumbatia akicheka na kutokwa machozi. Saa sita alikuwa bado analia. Jioni alikuwa bado analia. Daktari alimpima masikio, tumbo, damu, akasema mtoto hana kitu. Anastazia akampakata, akaanza kumuitia majina ya upande wao, akayamaliza, akaitia ya mashangazi, akaitia hata ya majirani waliokufa, na mtoto akaendelea, mpaka alfajiri sauti ikakatika, ikabaki kinywa kilichoachama na kifua kinachoruka, na midomo ikaanza kuwa ya bluu.

"Yupo mtu anamtaka," Anastazia akasema kwa hofu. "Unamjua, Eunice? Kama unamjua mtaje, mtoto anatuacha!"

Eunice aliziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Alihesabu pumzi za mwanawe. Ikapita moja, ikachelewa ya pili. Akasubiri ya tatu. Haikuja.

Akatoa viganja, akalitaja jina lile.

Gody akavuta hewa. Akatulia, rangi ikamrudi, akafumba kinywa.

"Asante Yesu!" Anastazia akapiga kigelegele. "Kumbe ni la kwao! Mpigie mama mkwe wako, mwambie mwanawe amefika nyumbani."

Eunice hakuinuka. Simu yake ikaita yenyewe juu ya meza, jina la Marieta likiwaka kwenye kioo, na mtoto akageuza shingo polepole mikononi mwa bibi yake, akaitazama, kama mtu anayesubiri apewe simu azungumze.