Tope la Karasha na Uso wa Minza

Minza anaishi Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda. Kila siku huamka alfajiri na kukamua ng'ombe wanne. Maziwa huyagandisha yawe mtindi wa kuuza siku inayofuata. Saa mbili asubuhi hupanda baiskeli, madumu mawili nyuma, akaenda kuuza mtaa wa Majengo. Kazi hii aliifanya kwanza mama mkwe wake, Kabula. Sasa magoti ya Kabula yamechoka, na kazi ni ya Minza.

Mteja wake ni Générose, mwenye mgahawa mdogo pale Majengo. Wanaokula kwa Générose wanapenda ugali kwa mtindi. Yeye peke yake alikuwa akichukua madumu yote mawili.

Uso wa Minza una mafuta mengi. Akinawa asubuhi, ikifika saa nne paji la uso limeshang'aa. Puani ana vidoa vyeusi. Mashavuni ana vipele, na vingine vinauma. Watu wengi wana ngozi ya namna hiyo, na si jambo la aibu. Lakini muuza chakula hutazamwa uso kabla chakula chake hakijatazamwa.

Siku moja Ponsian, fundi baiskeli, alikuwa anakula mgahawani. Alimtazama Minza, kisha akatazama bakuli lake.

"Shemeji, siagi yote umejipaka usoni," alisema. "Sisi umetuachia maji."

Watu walicheka. Minza naye akacheka kidogo. Alipofika nyumbani alikwenda nyuma ya zizi akalia. Hakuwahi kutia maji kwenye maziwa hata siku moja. Lakini kujipaka alijipaka, tena kila asubuhi. Alijipaka samli, na aliyempa samli hiyo ni mama mkwe.

"Mkwe asiyeng'aa ni aibu ya nyumba," Kabula alizoea kusema. "Watu watadhani nina ng'ombe na bado nakunyima."

Sasa mtu atamkatalia vipi mama mkwe samli? Minza alipokea kwa mikono miwili, akajipaka, akashukuru.

Baada ya maneno ya Ponsian alianza kujifunika kanga mpaka chini ya macho. Hapo akaharibu zaidi. Générose alimwita pembeni.

"Wateja wananiuliza kwa nini unajificha," alisema. "Wengine wanadhani una ugonjwa. Kuanzia kesho niletee dumu moja tu. Wakiendelea kusema, nitaacha kabisa."

Minza alimweleza mume wake, Manyanda. Manyanda anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alifikiri siku mbili. Kisha akarudi na tope kwenye kopo la rangi.

"Redioni walisema udongo unavuta mafuta ya ngozi," alisema. "Huu ni laini kuliko udongo wowote. Umesagwa, ukaoshwa, ukachujwa."

Ilikuwa zawadi ya upendo, na ilikuwa hatari. Minza hakujua, na Manyanda hakujua. Kila jioni Minza alijipaka lile tope mpaka likakauka na kupasuka. Wiki moja ikapita. Mafuta yalipungua kweli, lakini ngozi ilibabuka ikawa nyekundu. Maji yakimgusa usoni, yalimwasha.

Jumatatu karasha liliharibika, na Manyanda akapata nafasi. Walikwenda wote wawili kwenye duka la dawa pale Majengo. Muuzaji wa pale anaitwa Imakulata. Amesomea kazi yake, na hana haraka na mtu.

"Dada, naomba sabuni kali ya kuondoa chunusi," alisema Minza.

"Sabuni kali ya nini, na uso umeshababuka?" aliuliza Imakulata. "Umepaka nini?"

"Udongo."

"Udongo wa wapi?"

Minza alimtazama mume wake. Manyanda akajibu, "Wa kazini. Ule unaobaki tukishaosha dhahabu."

Imakulata aliweka kalamu chini. "Dhahabu mnaikamata kwa zebaki?"

"Ndiyo, kama watu wote. Lakini zebaki yote tunaikamua inatoka na dhahabu."

"Yote? Nani amepima?"

Manyanda alitazama viganja vyake.

"Nyingine inabaki kwenye tope," alisema Imakulata. "Imegawanyika vipande vidogo sana, huwezi kuiona. Zebaki ni sumu. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito inaharibu mpaka mtoto aliye tumboni. Tope likikauka, mvuke wake unaingia puani. Likibaki mikononi, linaingia mdomoni na chakula. Mikono unayojipakia, Minza, ndiyo hiyohiyo unayokamulia?"

Minza aliona mgahawa wote mbele ya macho yake, watu na mabakuli yao. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Ndiyo hiyohiyo," alisema.

"Basi leo usiuze maziwa. Nendeni kituo cha afya, mkamweleze daktari kama mlivyonieleza mimi. Tope msilimwage shambani wala karibu na kisima. Lifungeni vizuri, mkamuulize afisa afya pa kulipeleka. Mikono na madumu osheni kwa sabuni na maji mengi. Na wewe Manyanda, nguo za karasha zisiingie ndani."

"Kwa hiyo redio ilidanganya?" aliuliza Manyanda.

"Haikudanganya. Udongo unasaidia ngozi ya mafuta. Lakini lazima ujue ni udongo gani na umetoka wapi."

Imakulata alishusha vitu viwili kutoka kwenye rafu. Kimoja kilikuwa na picha ya mwanamke mweupe kama unga wa muhogo.

"Hiki kinasema kitakung'arisha kwa siku saba," alisema. "Ukiona ahadi ya namna hiyo, kiache. Vingine vya aina hii vina zebaki ileile mnayoikimbia."

Kisha akashika kichupa cha pili. "Hiki ni cha kunawia uso. Someni hapa. Kimeandikwa ni cha ngozi ya mafuta. Hapa chini kuna orodha ya vilivyomo. Hili neno ni kaolini. Ni udongo mweupe uliosafishwa kwa ajili ya ngozi. Vingine vina bentonaiti, nao ni udongo. Kuna jina la mtengenezaji, alama ya ubora, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Udongo wa kwenye mfuko usio na maandishi msinunue, hata muuzaji awe rafiki yenu."

"Nikianza leo, Jumamosi nitakuwa nimepona?" aliuliza Minza.

"Leo huanzi. Ngoja ngozi iliyobabuka ipone. Kwa sasa nawa kwa maji safi peke yake. Ikipona, jaribu kwanza kidogo chini ya taya, ungoje siku mbili. Kama hakuna kuwasha, tumia usoni mara moja kwa siku, jioni. Lowesha uso, sugua taratibu kwa vidole ukihesabu mpaka sitini, suuza, kausha kwa kitambaa safi bila kusugua. Usikiache kikauke usoni. Ngozi ikikauka sana, tumia siku moja, pumzika siku moja. Vipele vinataka wiki sita, si siku sita. Vikiwa vikubwa vyenye usaha, mwone daktari, maana udongo hautibu kila kitu."

"Na baada ya kunawa?"

"Losheni nyepesi isiyo na mafuta. Sasa hivi unapaka nini?"

Minza alitazama chini. "Samli."

Imakulata alijizuia asicheke, lakini hakufaulu vizuri. "Samli ni nzito. Inaziba vitundu vya ngozi ambayo ina mafuta yake tayari. Ipake miguuni."

Walinunua kile kichupa, na kwenye kituo cha afya wakapimwa wote wawili. Daktari hakuona dalili ya kudhurika, akawapa tarehe ya kurudi. Hilo likawa limepita. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi kwa Minza, nalo ni kumwambia mama mkwe.

Alipiga magoti. "Mayu," alisema, maana Wasukuma humwita mama hivyo, "muuza dawa amesema nisipake samli usoni."

Kabula alimgeukia. "Kwa hiyo samli yangu ni sumu?"

"Hapana, mayu. Uso wangu una mafuta yake ya kutosha. Miguu ndiyo haina."

Kabula alitazama visigino vya mkwe wake. Vilikuwa vimepasuka kwelikweli.

"Basi lete miguu," alisema.

Siku ya nne tangu aache kuuza, Minza alijiandaa kwenda Majengo.

"Tuseme ng'ombe waliumwa, ndiyo maana hukuja," alisema Manyanda. "Ukisema habari ya tope, hakuna atakayenunua tena."

"Watu wale wamekula kutoka mikononi mwangu," alijibu Minza. "Wana haki ya kujua."

Alikwenda bila kanga usoni. Alimweleza Générose yote, tangu samli mpaka zebaki. Alimwambia pia kwamba mtu akijisikia vibaya aende kituo cha afya. Générose alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Nenda nyumbani," alisema. "Nikikuhitaji nitakuita."

Wiki zikapita. Uso ulipona, na Minza akaanza kutumia kile kichupa kama alivyoelekezwa. Wiki ya tatu vipele havikuwa vimebadilika, na alitaka kuacha. Hakuacha. Wiki ya sita vidoa vya puani vilikuwa vichache, vipele vipya havikutoka, na mafuta yalionekana kidogo tu mchana. Alama za zamani zilibaki mbili tatu. Manyanda sasa alikuwa akibadilisha nguo na kuoga kulekule kazini, na aliwashawishi wenzake wawili kuvaa glovu. Lakini simu ya Générose haikuja, na mtindi mwingi walikunywa wenyewe.

Asubuhi moja Générose alifika Misunkumilo kwa miguu. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikagua madumu, akayanusa ndani. Alitazama mikono ya Minza, halafu akamtazama usoni.

"Tangu uondoke nimenunua kwa watu watatu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kosa lake, na sijui kama hawana au wananificha. Kesho niletee madumu mawili."