Mzizi Uliopasuliwa

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na robo alasiri. Hivyo ndivyo dada alivyoandika kwenye lebo, kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na majina yao wawili: la mdogo wake aliyeuchuma mmea, na lake aliyeukausha.

Kazi yao katika kituo cha utafiti wa mimea ilikuwa moja. Mdogo mtu, aliyeitwa Msumari kwa wembamba wake, alishuka korongoni, katika msitu wa kale unaolindwa kwa sheria, akaleta tawi au jani la kila mmea adimu. Dada alilitandaza kati ya magazeti, magazeti akayaweka kati ya mbao mbili, kisha akakaza mikanda mpaka jani lilale bapa kama karatasi. Sharti lilikuwa moja tu: mzizi hauguswi.

Siku ile Msumari aliingia na mmea mzima, ua jeupe juu, mzizi mnene kama mkono wa mtoto chini.

"Ulibaki huu mmoja tu, dada. Makao makuu watanipandisha cheo."

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe nani? Msitu ni wa serikali."

Askari wa geti akacheka dirishani. "Serikali inalinda geti, bwana mdogo. Kule chini kuna wanaojilinda."

Dada angeweza kumwambia aurudishe. Badala yake aliupokea. Mzizi ulikuwa mnene mno kukandamizwa, basi akachukua kisu, akaupasua katikati pamoja na shina lake: nusu ya kituo, nusu nakala ya makao makuu. Harufu iliyotoka haikuwa ya mti. Ilikuwa ya machinjioni. Gazeti likalowa wekundu. Akalibadilisha, akakaza mikanda.

Kila asubuhi alibadilisha magazeti na kukaza tena, tundu moja zaidi. Na kila asubuhi Msumari alishika kifua.

"Mbavu zinabana, dada."

"Wewe una mbavu?" askari alimtania. "Mimi nilidhani una pini."

Siku ya sita, nusu ya makao makuu ilikuwa imekauka. Dada akaitia kwenye bahasha, gari la posta likaichukua. Nusu ya kituo ilikuwa bado na unyevu, basi akavuta mkanda kwa nguvu zake zote.

Ko!

Msumari alianguka mlangoni akitema damu. Dada akamfunua shati. Mgongoni mwake, kutoka bega hadi kiuno, yalikuwa maandishi ya wino mweusi, yamegeuka kinyume kama yanavyoonekana kwenye kioo. Akayafuata kwa kidole. Yalikuwa habari za gazeti alilokuwa ameukunjia mmea asubuhi ile.

"Ni mimi," alinong'ona. "Ni mimi ninayemkandamiza."

Akakimbilia mikanda. Haikufunguka. Ilikuwa ikijikaza yenyewe, tundu baada ya tundu, na kila tundu ubavu mmoja ulivunjika. Askari alimleta maalim wa kijijini mbio. Maalim akasoma, akakata mikanda kwa panga, na mbao zikaruka zikapasua dirisha. Ndipo Msumari akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nirudishieni mtoto wangu. Nileteeni na huyu."

Askari alimbeba Msumari mgongoni, dada akachukua nusu ya mmea iliyobaki, wakashuka korongoni. Jua lilikuwa bado juu, lakini kule chini ya miti mikongwe hapakuwa na ndege, na harufu ya machinjioni iliwapokea kwenye kona ya kwanza, ikazidi kila walipopiga hatua, hata walipofika kwenye shimo lililoachwa na mzizi wakalikuta limejaa damu ya moto, na dada akapiga magoti, akaushusha mmea mle huku maalim akisoma kwa sauti iliyokatikakatika, na matawi yakainama bila upepo mpaka yakamgusa dada shingoni kama vidole vinavyotafuta mahali pa kushika.

"Hii nusu," sauti ikasema kinywani mwa Msumari. "Nyingine iko wapi?"

"Imeshakwenda," dada alijibu, akilia. "Nisamehe. Nilete nini badala yake?"

"Basi nami narudisha nusu."

Upande wa kulia wa Msumari ukashuka. Bega, mkono, mbavu, paja, vyote vilisagika mbele ya macho yao kwa mlio wa kuni kavu, mpaka vikalala bapa juu ya majani. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. Jicho la kushoto lilimtazama dada, mkono wa kushoto ukamshika kidole.

"Dada, fungua mikanda," alisema, akakata roho.

Wiki mbili baada ya mazishi ikaja barua kutoka makao makuu. Nakala imepokelewa, waliandika. Cha kushangaza imefika mbichi, ua limechanua, nayo imebidi waikandamize upya.

Dada aliikunja barua polepole. Tangu asubuhi kifua kilikuwa kikimbana. Alipovua gauni, mtoto wake wa kike akauliza, "Mama, nani amekuandika mgongoni?"

Hakumjibu. Alitawadha, akatandika msala, akainua mikono.

Ee Mola, msamehe mdogo wangu. Mpanulie kaburi lake, lisimbane. Amebanwa ya kutosha, na mkono uliombana ni huu ninaokuomba nao. Amina.