Uzi wa Juu, Uzi wa Chini

"Taratibu, Kidole! Hilo ni koti la baba yako, si gunia."

Binti akauinua mkasi. Alikuwa anafumua mkono wa kulia wa koti, wapate kulipunguza limtoshe yeye. Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani. Koti hilo alilishona mwenyewe, na hakuacha lingine. Ndiye aliyempa binti jina la Kidole, maana kila akishika sindano alijichoma.

"Nimekata mshono tu, mama."

"Mshono na kitambaa. Tazama."

Kweli. Kwapani palikuwa na tundu dogo kama punje ya mchele.

"Hata kazini nakosea hivi hivi," binti akasema.

"Kwani maabarani mnashona?"

"Tunakata, mama. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo, seli. Ndani ya kila seli mna maagizo. Kila agizo linaitwa jeni. Yameandikwa kwenye nyuzi mbili zilizosokotana. Sasa, kuna jeni inayotengeneza kiunzi cha seli. Kiunzi ni kama hiki kitambaa kigumu cha begani. Tunataka kujua kazi yake."

"Si ukitoe tu? Bega litalala, utajua."

"Ndivyo tunavyofanya! Tunaiharibu jeni hiyo, kisha tunaangalia seli itakuwaje."

Mama akaacha kazi. "Seli za nani? Usije ukamlegeza mtoto wa watu mabega!"

Binti akacheka. "Zinakua kwenye kisahani, mama. Hazirudishwi kwa mtu. Shida ni mkasi wangu wa huko, protini ndogo ya kukatia nyuzi hizo. Unakata nyuzi zote mbili kwa mpigo mmoja, na mara nyingine unakata pengine panapofanana. Miezi mitatu imepotea. Seli zimelegea, lakini sijui ni kwa jeni ile au kwa jeraha jingine. Nikiandika kuwa ni jeni ile, nitawadanganya madaktari watakaosoma."

Mama akachukua wembe. "Baba yako alikuwa akisema, mkasi hauna samahani. Umesahau alivyofumua?"

Akakata uzi wa juu. Akaligeuza koti. Akakata uzi wa chini, karibu na palepale. Mshono ukaachia. Kitambaa kizima.

"Na mkono ukiteleza?" binti akauliza.

"Umekata uzi mmoja tu. Wa pili unashikilia."

Binti akaupapasa mshono ulioachia. Ilikuwa kama anamsikia baba yake akipuliza vumbi la chaki mezani.

"Mkuu wangu kanishauri hivyo hivyo. Mikasi miwili, kila mmoja unakata uzi wake. Ikikutana mahali pamoja, nyuzi zote zinakatika. Seli inaziunga harakaharaka, inakosea herufi, jeni inaharibika. Mkasi mmoja ukipotea njia, seli inaziba mkato kwa kuufuata uzi uliobaki mzima. Mimi nikaona ni kazi maradufu."

"Kazi maradufu ndiyo iliyokulisha, mwanangu."

Wiki kadhaa baadaye, binti alikuja na picha kwenye simu. Seli isiyoguswa, iliyotanuka vizuri, na kando yake nyingine iliyonywea baada ya kukatwa kwa mikasi miwili.

"Na pengine je?" mama akauliza.

"Tumekagua sehemu zote tulizozihofia. Hatukuona hata moja iliyoharibika."

Mama akaitazama picha kwa muda. "Baba yako angeifurahia hii," akasema.

Binti akalivaa koti. Mkono wa kulia ulimkaa sawasawa, na tundu la kwapani lilikuwa limetiwa kiraka. Mkono wa kushoto ulining'inia hadi kwenye vidole.

"Huu tuufumue leo?"

Mama akaushika ule mkono mrefu, akaunusa. Kisha akaufunga wembe kwenye karatasi.

"Kesho. Mshono huu aliushona yeye. Uache ukae siku moja zaidi."