Kambi ya Reino

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa akina Lahti mjini Marquette, Maija ndiye aliyepika chapati za maji. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono wake ulishazoea kikaango. Mdogo wake Reino, mwenye miaka tisa, alikuwa na kazi yake pia: kujichoma kidole, kudondosha tone la damu kwenye kipimo na kumsomea mama sukari yake. Mama akishamdunga insulini, ndipo wote walipokula. Hivyo ndivyo siku zao zilivyoanza tangu Reino alipopata kisukari.

Mwezi huo wa Mei mezani kulikuwa na habari moja tu: kambi. Shule zikifungwa, watoto wa mji ule hupelekwa kwenye kambi za kando ya maziwa, wakalala huko juma zima bila wazazi. Reino hakuwahi kwenda. Wazazi walikuwa wameshatembelea kambi mbili kwa ajili yake. Ya kwanza waliikataa kwa sababu hospitali ilikuwa mbali mno. Mkuu wa kambi ya pili alikuwa mchangamfu, lakini mama alipomuuliza ni nani huwaangalia watoto usiku, alijibu kwamba usiku watoto hulala tu. Mama aliaga palepale.

Maija naye, tangu majira ya baridi, alikuwa akiomba kambi ya mitumbwi, ambako rafiki yake Corinne angekwenda. Kila alipoitaja aliambiwa, "Tutazungumza, mwanangu." Hawakuzungumza. Asubuhi hiyo alijaribu tena. Baba, bila kuinua macho kutoka kwenye ramani ya njia, alisema wamalize kwanza la Reino.

"La Reino haliishi," Maija akasema.

Mama alimtazama tu, na Maija akarudi kwenye kikaango. Roho ilimuuma. Aliona aibu kumwonea wivu mtoto anayedungwa sindano kila siku, lakini aibu haikuuondoa wivu wenyewe. Aliigeuza chapati upande wa pili, akaiacha iungue.

Siku hiyohiyo walikwenda kuona kambi ya tatu, iliyokuwa ya watoto wenye kisukari pekee, na ambayo siku hiyo ilikuwa imewaalika watoto waje kuijaribu. Reino hakuamini macho yake. Wakati wa chakula watoto wote walijichoma vidole mezani, wakitaniana ni nani mwenye damu ya uvivu wa kutoka. Dakika chache baadaye alikuwa gatini na wenzake, akicheka kicheko ambacho Maija hakuwa amekisikia kwa siku nyingi.

Maija alibaki na wazazi. Muuguzi mkuu, Bi Arsenault, aliwaeleza kwamba wauguzi wawili hukesha kila usiku, wakipita vibandani na tochi kuwapima watoto. Alisema nafasi zilikuwa chache, na kwamba jibu lazima litoke kwa mtoto mwenyewe, maana hawamchukui mtoto wa kulazimishwa. Njiani kurudi, mama alilia kwa furaha. Maija alitazama dirishani, akijiuliza kama kuna mtu aliyewahi kulia hivyo kwa ajili yake.

Jioni Reino aliingia chumbani kwa Maija, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, sukari yangu ikishuka nimelala, kule nani ataniamsha?"

Maija alilijua jibu. Alilisikia kwa masikio yake.

"Hakuna," akasema. "Manesi wanarudi mjini kulala. Nimewasikia wenyewe. Ila usimwambie mama, atakuona mwoga."

Asubuhi Reino alitangaza kwamba hataki kwenda. Mama alimbembeleza, baba akamuuliza kwa upole, lakini mtoto aliinamisha kichwa na kukataa kusema sababu. Siku ya tatu baba akampigia simu Bi Arsenault kumwambia kwamba Reino haji. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, baba aliweka kiti chake karibu na cha Maija na kumuuliza habari za kambi ya mitumbwi. Maija alieleza mpaka chakula kikapoa. Reino alikuwa akisikiliza.

"Na mimi nitakwenda na Dada," akasema.

Wazazi walitazamana, baba akasema watafikiria.

Alhamisi, baada ya shule, wawili hao walikuwa wakiendesha baiskeli kwenye njia ya ufukweni. Reino alianza kubaki nyuma. Maija alipogeuka, alimkuta ameshuka, ameegemea usukani, uso umempauka na jasho linamtoka ingawa upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi.

"Sukari imeshuka?"

"Kidogo."

"Mbona husemi?"

"Najizoeza." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Kama usiku hakuna mtu, lazima nizoee kuvumilia. Nikizoea, mama na baba watakubali twende wote kwenye mitumbwi."

Kisha akaketi chini kwenye mchanga.

Maija alifungua mkoba wa mdogo wake, akatoa juisi na kumwekea mrija mdomoni. Alimwambia anywe. Akamwambia tena. Reino alinyonya polepole, amefumba macho, na Maija alimshikilia shingo mpaka rangi iliporudi usoni mwake.

"Nilikudanganya," akamwambia. "Wapo manesi usiku. Wanakesha. Nilitaka usiende."

Reino alimtazama. Njia nzima ya kurudi, wakikokota baiskeli, alijitenga naye hatua kadhaa.

Nyumbani Maija alimweleza mama kila kitu, bila kujitetea. Mama alimpima Reino kwanza. Alipoona yu salama, akakaa mbele ya Maija na kumuuliza kwa nini.

"Mmekwenda kambi tatu kwa ajili yake. Kwangu mimi hamjakwenda hata moja."

Mama alikiweka kipimo mezani. Kisha akamwambia asimame, ampigie simu Bi Arsenault yeye mwenyewe. Maija alikiri uongo wake wote kwenye simu. Nafasi ya Reino ilikuwa imeshachukuliwa, lakini Bi Arsenault alimtafutia nyingine mwezi wa Agosti. Reino alipoambiwa, aliruka juu ya kochi, na jioni akamruhusu dada yake amsaidie kuchagua tochi.

Jumapili mama na Maija walikwenda wawili tu kuiona kambi ya mitumbwi. Wakirudi, mama alipunguza mwendo.

"Kuona wivu si kosa, mwanangu. Mimi pia huwaonea wivu kina mama wanaolala usiku kucha. Kosa ni kuuficha moyoni mpaka ukakutuma umdanganye mtu anayekuamini. Reino alikuamini wewe, na imani hiyo nusura imgharimu uhai. Ukiumia, njoo uniambie, hata kama nimeshika sindano. Nami nikisema tutazungumza, nidai mpaka nikae nikusikilize. Hilo lilikuwa kosa langu."

Maija aliitikia kwa kichwa.

"Mama, bado nina wivu."

"Wa nini tena?"

"Kambi yake ina farasi."

Mama aliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akamgeukia.

"Haya," akasema. "Niambie yote."