Maji Kwenye Kiwanja cha Mulandi

Ndugu zangu wa Kolwezi, nanyi wa Lubudi na Kisenge mnaoziona ndege ndogo zikipita juu ya mashamba yenu, nipeni masikio kidogo. Nitawaeleza yaliyompata Mama Mushiya, mke wa rubani Kanyinda.

Asubuhi ile ya Februari mvua ilikuwa imekatika kabla ya mapambazuko. Mushiya alikaanga vitumbua. Kanyinda alikunywa chai amesimama mlangoni, akiwacheka wapita njia waliokuwa wakiruka madimbwi mekundu. Nyumba ile ilikuwa na amani. Mume na mke walifanya kazi pamoja katika kampuni yenye ndege moja tu. Kanyinda alirusha, na Mushiya alikaa katika ofisi ya kando ya uwanja na redio, simu na karatasi za safari.

Kila safari ilikuwa na karatasi yake. Hali ya hewa ikoje? Kiwanja cha kushukia kikoje, na nani amekiona leo? Kikiwa hakifai, kiwanja cha pili ni kipi, na mafuta yatatosha kufika huko? Mushiya ndiye aliyeanzisha utaratibu huo alipoona jinsi mito inavyofurika miaka hii. Alikuwa na namba ya simu ya mtu mmoja anayeishi kando ya kila kiwanja kidogo ambako ndege yao ilishuka.

Lakini Kanyinda alikuwa amerusha ndege miaka kumi na tisa, na kwake karatasi ilikuwa mambo ya makarani. Kila swali alilijibu kwa herufi tatu: R.A.S., yaani hakuna cha kutaja. Siku zilivyokwenda, Mushiya mwenyewe akazoea kuziandika herufi hizo kwa niaba yake, ili asimchokoze mumewe kabla ya safari. Hapo ndipo ubaya ulipoingia, ndugu zangu, na wala haukupiga kelele.

Siku hiyo ndege ilikuwa ipeleke serumu, maji ya dawa ya kutia mshipani, huko Mulandi, kijiji cha kando ya mto, ambako kipindupindu kilikuwa kimeanza. Saa mbili simu ikalia. Alikuwa Mama Numbi, muuza samaki, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kiwanja cha Mulandi, au piste kama wanavyokiita huko.

"Mama Mushiya, ndeke isikuye kwetu leo. Mayi imekamata piste. Nusu ya upande wa mto iko chini ya mayi, na upande ingine ni matope tupu. Hata mapipa yenu ya mafuta ya kurudia, ile munaachaka huku, mayi imebeba."

"Umeona wewe mwenyewe?"

"Mi niko nasimama mule! Mayi inanifika kwa magoti. Mupeleke dawa kwa piste ya misheni, kule juu ya kilima. Bwana yangu Mbuyu anagonjwa tangu jana. Ile dawa, mi naitaka kuliko batu bote. Lakini huku ndeke haitashuka."

Mushiya akatoka mbio hadi kwenye ndege. Kanyinda alikuwa akipakia makartoni pamoja na muuguzi Falonne, aliyekuwa asafiri naye.

"Tata Kanyinda, Mama Numbi anasema piste iko na mayi, na mapipa ya mafuta imeenda. Tuandike misheni. Kutoka pale mapikipiki itamalizia, mangaribi dawa imefika."

Kanyinda akacheka. "Bale batu ba Mulandi, mvua kidogo tu, banasema mafuriko. Mi nilishuka mule Jumatatu. Muuza samaki ndiye atanifundisha piste?"

"Basi ongeza mafuta, kama utalazimika kugeuka."

"Nikiongeza mafuta, napunguza makartoni. Batu beko banakufa, Mushiya. Andika, tuende."

Falonne alimtazama Mushiya kama mtu anayengoja neno. Mushiya alikuwa na haki ya kulisema, kwa maana bila sahihi yake ndege haikuruhusiwa kuondoka. Lakini mafundi walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, naye hakutaka mumewe aonekane ameshindwa na mke mbele za watu. Akainama juu ya karatasi. Mahali pa hali ya kiwanja akaandika R.A.S. Mahali pa kiwanja cha pili, R.A.S. tena. Akatia sahihi.

Baada ya saa moja na robo sauti ya Kanyinda ikasikika redioni. Haikuwa tena ile ya asubuhi.

"Mushiya, niko juu ya Mulandi. Ni mayi tu."

"Enda misheni!"

"Nilizunguka mawingu mingi. Mafuta haitafika misheni. Nitajaribu ule upande wa juu."

Kisha redio ikakatika. Mushiya aliita na kuita mpaka sauti ikamkauka.

Magurudumu yalizama katika matope mara tu yalipogusa ardhi, na ndege ikapinduka chali, ikaangukia upande wa maji. Mama Numbi na majirani waliingia majini wakawatoa wote wawili wakiwa hai. Kanyinda alikuwa ameumia mgongo. Falonne alikuwa amevunjika mkono. Makartoni yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na mto, na waliweza kuokoa chupa tisa tu za serumu. Falonne, kwa mkono mmoja, akawawekea watoto watatu waliokuwa wamelegea kabisa. Chupa zikaishia hapo; Mbuyu hakupata. Alikufa kesho yake saa sita mchana, mkewe akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Msaada ulifika siku ya tatu, kwa ndege ya kuazimwa. Ilishuka misheni, na pikipiki zikamalizia safari, vilevile kama Mama Numbi alivyosema. Mushiya alikuwa katika msafara huo. Alimkuta Numbi ameketi juu ya mkeka kati ya wanawake wa matanga. Akapiga magoti, akaanza kulia.

Numbi akageuka kumtazama. "Mama, mi nilikuambia mayi iko. Ulinisikia, ao haukunisikia?"

Mushiya angeweza kusema kwamba simu ilikuwa mbovu. "Nilikusikia, mama," akajibu. "Nilikusikia muzuri."

Numbi hakumfukuza wala hakumkumbatia. Alisogea kidogo tu, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

Leo Kanyinda anatembea kwa magongo na hatarusha ndege tena. Miezi mingi yeye na mkewe hawakuzungumza juu ya siku ile, na kimya hicho kiliilemea nyumba kuliko ugomvi. Mpaka Jumapili moja, walipotoka kanisani, akamwuliza polepole njiani:

"Mushiya, kwa nini haukukatala kutia sahihi?"

"Niliogopa kukupatisha haya mbele ya batu."

Kanyinda akasimama, akaegemea magongo yake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Ungenipatisha haya tu," akasema.

FUNDISHO

Enyi marubani wa viwanja vidogo, kiwanja ulichokijua Jumatatu sicho utakachokikuta Alhamisi, maana mvua haisomi miaka yako ya kazi. Kabla ya kuruka, mwulize aliyesimama pale leo. Awe profesa au muuza samaki, macho yake yanaona ambacho wewe hujakiona. Chagua kiwanja cha pili ungali chini, beba mafuta ya kukufikisha huko, na mapipa yako yawekwe juu, mbali na mto. Kufikisha dawa jioni ni bora kuliko kuimwaga asubuhi.

Nanyi mnaotia sahihi, wake kwa waume, makarani kwa wakubwa, msiandike "hakuna" ilhali mmeambiwa kipo. Heshima kwa mume ni njema, na kwa mkubwa wa kazi pia. Lakini ukimheshimu mtu mpaka ukamwacha aende kuumia na kuwaumiza wengine, hapo umemtupa. Mwambie hapana angali anaweza kukukasirikia.