Njia ya Tatu, Ghala la Smithfield

SAA 3:15 ASUBUHI. LIDCOMBE.

Mpango ulipangwa stoo, nyuma ya saluni ya Précieux, kati ya makopo ya mafuta na vichwa vya plastiki vilivyovishwa mawigi.

"Form ni hii," Gitonga alisema. "Saa sita wafanyakazi wote wako nje, safety meeting. Wanakula sausage. Tuko na dakika kumi na mbili. Balagizi anachomoa modem ya backup. Précieux anachomoa kebo kwa ile box ya street. Rispah akisema clear, naingia ofisi, natoka na diski. Kwisha."

Mkutano wa usalama! Rispah alitamani kutema mate. Miezi minne iliyopita, ndani ya ghala hilohilo walilotaka kuvunja, rafu mbovu ilimwangukia mumewe, Blaise, ikamuua. Meneja, Rufus, akasema marehemu alipanda bila ruhusa. Mwongo! Kamera ilirekodi kila kitu, na picha zilikuwa kwenye diski moja tu, ofisini. Mkaguzi wa serikali angekuja kuichukua Ijumaa.

"Kwa nini tusingoje Ijumaa?" Rispah aliuliza.

"Rufus ataifuta kesho, madam. Amka!"

Balagizi, kaka yake Blaise, dereva wa forklift palepale ghalani, aliitikia kwa kichwa. Gitonga alikuwa mwizi wa maghala, mtu asiyeinua kidole bure, lakini safari hii alisema anafanya kwa ajili ya Blaise. Hasira ilimziba Rispah macho. Akamwamini.

SAA 5:51. SMITHFIELD.

Rispah aliketi kwenye usukani wa van, kando ya ua, kompyuta mapajani. Mtandao wa ghala aliusimika yeye mwenyewe enzi akiwa fundi wao, na hakuna aliyekumbuka kumfungia mlango.

Ndani ya ruta yao kulikuwa na programu iliyofanya kazi kimyakimya, ikijua kila njia ambayo data ingeweza kupita kwenda nje. Rispah alikuwa ameandika skripti ya Python ya kuongea nayo kupitia soketi yake, yaani mlango wake wa mawasiliano: inauliza njia zilizopo, inasoma jibu, inamwonyesha. Kengele ilikuwa na njia mbili za kuwafikia walinzi, kebo na modem. Zikitoweka zote, ghala lingepiga kelele na asisikie mtu.

SAA 6:04.

"Shemeji, modem nimeisha toa," Balagizi alinong'ona simuni.

"Kebo iko nje, Madame," Précieux naye akasema.

Skrini ilionyesha njia za ndani tu. Kebo haipo. Modem haipo.

"Clear."

Gitonga akauvunja mlango wa nyuma, akaingia.

Ndipo Rispah alipoutazama mstari wa mwisho. Jibu la programu ile huja mstari kwa mstari, kila mmoja na namba yake. Namba ikifuatwa na kistari, bado kuna maneno nyuma. Ikifuatwa na nafasi tupu, yamekwisha. Mstari huu ulikuwa na kistari.

Skripti ilisoma fungu la kwanza ikaona limetosha. Aliiandika ndani ya treni ya Liverpool, akisinzia, akitoka shifti ya kutunza wazee. Mjinga mimi, alijiambia. Akaongeza kitanzi: soma, soma tena, mpaka mwisho.

Njia ya tatu ikajitokeza. Imewekwa jana, saa kumi na dakika nane. Jina: RUFUS-SIMU.

Kwa njia hiyo kengele ilimfikia Rufus peke yake; alikuwa anatazama. Anatazama, na hapigi simu polisi.

Mpango huu walikuwa wakiujua watu wanne tu. Rispah akainua macho. Gitonga alikuwa ametoka na diski mkononi, lakini haji upande wa van. Alikuwa anaelekea upande wa pili, kwenye pickup nyeupe ya Rufus, naye Rufus yumo ndani. Diski iliyofutwa ingemfunga meneja; iliyoibwa na majambazi haimfungi. Ndiyo maana hawakungoja Ijumaa.

Akainyakua simu.

"Précieux, rudisha kebo."

"Madame! Police itakuja!"

"Ndiyo nataka! Rudisha, halafu kimbia!" Akampigia Balagizi. "Shemeji, nenda kasimame na wenzako kwenye sausage. Sasa hivi."

"Na Gitonga?"

"Amemuuza ndugu yako."

SAA 6:09.

Kengele ikalia, na safari hii ikafika. Rispah akawasha van, akaipigiza kwenye ubavu wa pickup, ikabanwa ukutani. Gitonga akamrushia Rufus diski, akavunja kioo cha dirisha la van kwa kiwiko, akamshika nywele.

"Utafungwa pia, we mwendawazimu!"

"Tufungwe!" Rispah alipiga kelele, damu ikimtiririka kwenye nyusi. "Tufungwe sote!"

Wafanyakazi wakaja mbio, mikate ingali mikononi. Balagizi alikuwa mbele yao. Wakaizunguka pickup. Rufus alisukuma diski chini ya kiti, akaitoa, akaificha ndani ya shati. Hapakuwa na pa kuitupa, macho arobaini yalikuwa juu yake.

SAA 6:21.

Polisi walimfunga Rispah pingu wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Hakubisha. Alimtazama ofisa mwingine akiitoa diski shatini mwa Rufus, akiitia kwenye mfuko wa plastiki, akiuandika kwa kalamu nyeusi.

"Andika vizuri," Rispah alimwambia kwa Kiingereza. "Mume wangu yumo humo."