Kamera Mbovu Kuliko Zote

Fundi wa kamera alikutwa ameangukia meza yake ya kazi, bisibisi ikiwa bado mkononi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Nyundo yake mwenyewe ilikuwa sakafuni, imefutwa alama za vidole.

Inspekta alitazama rafu. Kamera saba za sinema, zile ndogo za filamu ya milimita nane, zilipangwa zikang'aa. Katikati palikuwa na pengo.

"Wizi, afande," alisema Sajini.

"Mwizi gani huyo, mpole hivyo, anaacha saba?"

Binti wa marehemu, aliyejifunza ufundi kwa baba yake, alisimama mlangoni. Macho yalikuwa makavu, mekundu.

"Kachukua mbovu kuliko zote," alisema.

"Mbovu vipi? Nikija kununua, mwanangu, niangalie nini?"

Binti alishusha moja. "Fungua chumba cha betri. Ukikuta unga wa kijani, betri zilivuja, iache. Kisha bonyeza, usikilize mota. Ikikohoa, usiitake. Halafu elekeza lenzi kwenye mwanga. Ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu. Baba hakumuuzia mtu kabla hajafanya hayo."

"Na ile iliyoibwa?"

"Kifuniko cha betri hakuna, unga unamwagika tu. Mota imekufa. Lenzi imeota ndevu. Ubavuni imeandikwa: Mali ya Kiwanda."

"Kiwanda kipi?"

"Afande, mji huu ulikuwa na viwanda vingapi?"

Inspekta alikumbuka. Kiwanda cha nguo. Miaka thelathini na mmoja iliyopita. Wanawake kumi na tisa waliungua ndani, lango limetiwa kufuli kwa nje. Mahakama ikasema mlinzi ndiye aliyelifunga akaenda kulala. Akafungwa, akafia gerezani. Wakubwa wakatoa pole, wakapigwa picha, wakaenda kula.

"Mlinzi alikuwa baba yangu mkubwa," alisema binti. "Mpaka leo napita dirishani kwa watu nasikia, 'Mtoto wa wauaji huyo.' Karani aliyerekodi sinema za kiwanda kafa mwezi jana, mjane wake akatuuzia kamera. Mjane alisema ndani mna filamu ya siku ile ya moto, haijasafishwa. Baba akamtangazia kila mtu kuwa ataisafisha, picha zionekane."

Mdomo uliponza kichwa, aliwaza Inspekta, na wazo hilo likamkasirisha. Kwa nini ukweli ndio unong'onwe?

Kati ya wakubwa wa siku ile alibaki mmoja tu mjini: aliyekuwa mkuu wa zamu kiwandani, aliyeishi mtaa wa juu. Mji ulimwita Mnyapara, naye aliipenda sifa hiyo. Walimkuta kibarazani anakunywa chai, koti limetundikwa kitini. Inspekta alimpa hati ya upekuzi, kisha akaipindua mifuko ya koti. Unga wa kijani ulimwagika.

"Nini hiki, mzee?"

"Vumbi."

"Vumbi la betri. Maabara watatuambia zaidi."

Sajini alitoka uani ameshika kamera kwa kitambaa. Mlango wa kamera, upande wa filamu, ulikuwa wazi.

"Niliinunua," alisema Mnyapara.

"Hukusikiliza mota? Hukutazama lenzi? Uliacha nzima saba?"

"Kununua kitu kibovu ni kosa?" Alitabasamu. "Chukueni. Nimeianika juani kutwa nzima. Nilimbebea karani kamera yake ya kwanza, najua. Filamu ikiona jua imekufa."

Inspekta alimfunga pingu mwenyewe, akazibana kuliko kanuni inavyotaka.

Siku tatu baadaye binti aliingia chumba cha mahojiano na projekta kifuani. Mikono yake ilinuka dawa za kusafishia filamu.

"Babu," alimwambia Mnyapara, na heshima hiyo ilikata kama wembe, "kamera uliyobeba wewe, filamu yake ilizungushwa kwenye gurudumu, iko wazi. Hii filamu imo ndani ya kasha lake. Jua lilichoma picha chache tu zilizokuwa mbele ya lenzi."

Ukuta uliwaka. Picha zilikuwa hafifu, za kijivu. Lango. Moshi. Kijana mwenye filimbi shingoni anafunga kufuli, anatia ufunguo mfukoni, anaondoka bila haraka.

Mnyapara alisogeza kiti nyuma.

"Ni nani huyo?" aliuliza Inspekta.

Mnyapara alitazama mlango. Inspekta aligonga meza.

"Nimeuliza, ni nani!"

"Mimi."

"Na fundi?"

"Nilimwomba aniachie. Akaniambia niisikilize mota kwanza. Akanicheka. Akageuka kutafuta bisibisi. Nyundo ilikuwa pale."

"Na lango ulilifungia nini? Moshi ulikuwa unauona!"

"Ulikuwa mdogo. Nilijua wakikimbia nje watatoka na vitambaa." Alifuta mdomo. "Walikuwa wanaiba vitambaa."

Sajini, mtu wa utani asubuhi na jioni, aliwapa mgongo. Inspekta aliandika neno hilo, vitambaa, kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Mpeleke," alisema.

"Asiondoke," alisema binti. "Haijaisha."

Ukutani, mwanamume wa makamo aliyevaa sare ya mlinzi aliingia mbio kwenye picha. Hakuwa na ufunguo. Alikuwa na jiwe. Alilipiga kufuli, akalipiga, akalipiga, mpaka filamu ikaisha.